Mikono ya Joho

Jumatatu, Machi 3

Mvua imeanza leo na kitambaa cheusi kimefika leo, vitu viwili ambavyo havikutakiwa kukutana. Dereva wa gari la mizigo alishusha majora barabarani akasema mgongo unamuuma. Mimi na Profesa, kijana wangu wa dukani, tukayabeba wenyewe mpaka ndani, maji yakitutiririka shingoni. Wazo la kuandika kila siku ni la Profesa. Anasema fundi anayeshona majoho ya chuo kizima kwa msimu mmoja hawezi kuweka kila kitu kichwani. Nilimwambia kichwa changu hakina tatizo. Akanikumbusha kwamba mwaka jana nilishona kofia nyingi kuliko vichwa. Basi naandika.

Alhamisi, Machi 6

Mvua. Nimekata kitambaa kutwa. Mkasi umenichubua kidole gumba.

Ijumaa, Machi 7

Profesa ana digrii ya uchumi na kazi yake kwangu ni kupiga pasi. Jina hilo la Profesa nilimpa mimi, na kwa bahati nzuri halimkeri. Leo ameniuliza kwa nini mikono ya majoho haifanani. Yeye mwenyewe aliwahi kulivaa joho na hakuangalia! Nikamweleza utaratibu wa chuo. Mtu wa digrii anavaa mikono mipana inayoning'inia mpaka karibu na magoti, unaweza kuficha kuku ndani yake. Mtu wa diploma anavaa mikono myembamba inayoishia kwenye kifundo cha mkono, kama shati.

"Basi mimi nilivaa mipana," akasema.

"Ulificha nini humo?"

"Matumaini, Mzee."

Tulicheka mpaka pasi nusura iunguze kola.

Jumapili, Machi 9

Wakili amerudi nyumbani! Amebakiza mafunzo kazini tu, mwezi huu mpaka katikati ya Mei, halafu mahafali. Atayafanyia hapa hapa mjini, mahakamani. Binti yangu huyu nilimwita Wakili alipokuwa na miaka mitano, siku aliponitetea mbele ya mama yake kwa sababu nilivunja sufuria. Alitoa hoja mpaka mama yake akasahau sufuria. Tangu siku hiyo mtaa mzima unamwita hivyo, mke wangu ni Mama Wakili na mimi ni Baba Wakili. Jina langu la kuzaliwa nalisikia hospitalini na benki tu.

Amekonda kidogo. Amekula sahani mbili, akaniuliza habari za mgongo wangu, akaenda kulala mchana kweupe. Nimefurahi kupita kiasi, siwezi kuficha.

Jumatano, Machi 12

Kazi ya nembo imechelewa tena. Zamani nembo ya chuo nilikuwa nadarizi mwenyewe. Mashine ya kudarizi niliiuza Wakili alipoingia mwaka wa kwanza, kwa sababu sheria haisomwi kwa maneno matupu. Sasa napeleka makola kwa jirani wa mkabala, ambaye ni fundi mwenzangu na mshindani wangu, naye ananisubirisha kama mgonjwa wa foleni. "Baba Wakili," ananiambia, "akishaapishwa huyo binti utaninunua mimi na duka langu." Najua ananivisha kilemba cha ukoka. Nakivaa hivyo hivyo.

Ijumaa, Machi 21

Mvua, mvua, mvua. Ukuta wa nyuma unatokwa jasho. Tumehamishia majoho yaliyokamilika upande wa mlangoni na sasa mteja akiingia anapokelewa na watu weusi wasio na vichwa.

Alhamisi, Machi 27

Wakili anatoka asubuhi na mapema, anarudi jioni amechoka, kucha nyeusi. Nimemwambia mama yake: haya mafaili ya mahakama yana vumbi la miaka. Mama Wakili akaendelea kuchambua mchele.

Jumatano, Aprili 2

Pasi kubwa imekufa. Profesa alitaka kuipeleka kwa fundi umeme. Wakili aliporudi akaomba bisibisi, akaifungua juu ya meza ya kukatia, akaipuliza, akakaza kitu, ikawaka. Nimewaambia wateja wawili leo: binti yangu ni mwanasheria anayejua mpaka pasi.

Jumamosi, Aprili 12

Nimeanza joho lake.

Sikulikata kwenye jora la kawaida. Nilikuwa na kipande nilichokihifadhi, kitambaa kizito kinachoanguka vizuri bila kung'aa ovyo, cha aina ambayo siku hizi wauzaji hawakileti. Nimekata mikono kwa kutumia jicho bila karatasi, mipana kuliko ya wote. Mwenzangu yeyote angeniambia nimezidisha. Majoho haya huwa ni ya kukodi, yanavaliwa, yanarudi, yanafuliwa, yanangoja mwakani. Hili halitarudi kwenye rundo.

Niandike na hili kwa kuwa niko peke yangu: nina miaka mingi nikishona majoho na sijawahi kukaa kwenye kiti cha mzazi. Kila mahafali mimi huwa nyuma ya jukwaa na sindano mdomoni, pindo la huyu limefumuka, kofia ya yule imembana. Nasikia majina na makofi kupitia turubai. Mwaka huu sindano atashika Profesa.

Ijumaa, Aprili 18

Nimepinda mikono. Kazi safi sana, najisifu mwenyewe kwa kuwa hakuna wa kunisifu.

Jumamosi, Aprili 26

Nilimwita leo ajaribu. Mama yake alikuwepo, kakaa juu ya jora na kikombe cha chai. Profesa nilimtuma kwa muuza vifungo ili tubaki wenyewe.

Wakili aliingiza mikono yote miwili akasimama mbele ya kioo. Kitambaa kilimkaa kama kimeota mwilini. Nilizunguka nyuma kuvuta mabega, nikamuona kwenye kioo. Hakuwa anatabasamu. Aliinua mikono kidogo, akaiangalia inavyoning'inia.

"Baba," akasema, "hii mikono si yangu."

"Ni mirefu? Nitapunguza, si kazi."

"Si urefu, Baba."

Mke wangu akaweka kikombe chini. Hapo ndipo nilipojua kwamba kuna jambo, na kwamba yeye analijua.

"Mimi ni wa mikono myembamba," akasema Wakili. "Niliacha sheria baada ya mwaka wa kwanza. Nilihamia diploma ya vifaa tiba, pale pale chuoni. Miaka mitatu yote nilikuwa huko. Siendi mahakamani, Baba. Naenda hospitali. Natengeneza mashine za oksijeni, za kupimia presha, za kutunzia watoto njiti."

Nilikuwa nimeshika pini tano mdomoni. Nilizitoa moja moja nikazichomeka kwenye kimto chake. Sijui kwa nini nilifanya taratibu vile. Nadhani niliogopa kwamba zikiisha itabidi niseme kitu.

"Miaka mitatu," nikasema.

"Nilitaka kukuambia kila likizo. Kila nikifika nakuta umeshamwambia mtu mwingine."

"Kwa hiyo kosa ni langu."

"Sijasema hivyo."

"Vua," nikamwambia. "Vua kabla hujalichafua."

Alilivua polepole, akalikunja vizuri mshono kwa mshono kama nilivyomfundisha akiwa mtoto, akaliweka mezani, akatoka kwenye mvua bila mwavuli. Mama yake akamfuata na mwavuli. Mimi nikabaki na majoho yangu.

Jumapili, Aprili 27

Sikula.

Jumatatu, Aprili 28

Leo nimeuliza habari za ada. Kwa miaka hii mitatu mke wangu alikuwa ananiambia, "Wewe leta nusu, nusu nyingine nitajazia kwa mayai." Nami nilikuwa namsifu kila mahali. Nilimwambia mpaka mkuu wa benki kwamba mke wangu ana kuku wanaosomesha mwanasheria.

"Hiyo nusu nyingine ulikuwa unaitoa wapi?" nikamuuliza.

"Haikuwepo. Ada ya diploma ndiyo hiyo nusu."

"Na mayai?"

"Mayai tulikuwa tunakula, Baba Wakili. Hukuona?"

Nimeona sasa. Nimeona vizuri sana. Nikamwambia wote wawili wamenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na asiniite tena Baba Wakili. Akaniuliza aniite nani. Swali hilo limeniuma kuliko yote.

Jumanne, Aprili 29

Mvua. Jirani wa mkabala amepaza sauti toka barazani kwake: "Baba Wakili, nembo tayari!" Nilimtuma Profesa.

Jumatano, Aprili 30

Leo nimefanya ubaya. Profesa alikuja na kalamu na karatasi kunionyesha hesabu ya majoho yaliyobaki, na mimi nikaona karatasi tu na kalamu tu. Nikamwambia, "Weka hiyo kalamu, shika pasi. Huko ndiko digrii yako ilikokufikisha." Akaweka kalamu, akashika pasi. Hakununa. Angenuna ningepumua.

Baadaye nilikaa nikawaza. Kazi hii ya chuo tuliipata kwa zabuni, na zabuni aliiandika yeye, kurasa na kurasa, na majedwali, mpaka jirani wa mkabala mwenye mashine mbili akashindwa. Kabla ya Profesa chuo kilinipa majoho machache tu, na mwaka mzima nilikuwa nashona sare za watoto wa shule. Sijawahi kumwambia mtu hilo, hata yeye mwenyewe.

Jumamosi, Mei 3

Wakili anapita dukani kwenda kazini, ananiamkia, "Shikamoo Baba." Naitikia "Marahaba" kwa sababu salamu haina kosa. Basi, tunaishia hapo.

Jumanne, Mei 6

Sijui niandike vipi. Leo nimekwenda mahakamani.

Nilimuaga Profesa kwamba nafuata uzi. Sehemu ya moyo wangu ilikuwa bado inasema labda ni utani mrefu, labda nitamkuta pale kwenye korido na faili kwapani. Mtu mzima kama mimi. Nilikaa kwenye benchi la nyuma katika chumba kilicho wazi kwa watu wote. Walikuwa na kesi ya mpaka wa kiwanja. Mwanasheria mmoja kijana, umri kama wa binti yangu, alisimama kumtetea mzee mmoja. Alisema maneno mengi yaliyonipita juu ya kichwa. Nami nikajikuta sisikilizi. Nilikuwa naangalia joho lake. Mabega yalimkaa vibaya, mkunjo wa nyuma ulikuwa umepigwa pasi upande upande, na pindo lilikuwa limefumuka kidogo kushoto. Nilikaa pale muda mrefu namshonea kichwani.

Kesi ikaahirishwa. Kijana akanipita, akaniona namkodolea macho.

"Mzee, una kesi gani?"

"Sina kesi. Nina binti."

"Ameshitakiwa?"

"Hapana. Mimi ndiye niliyemshitaki."

Akanitazama, hakuelewa, akacheka kwa adabu na kwenda zake. Nilitaka kumwambia apeleke pindo lile kwa fundi.

Nilitembea kurudi kwa miguu ingawa kulikuwa na manyunyu. Ukweli ni huu na nauandika ulivyo. Miaka yote nilipofikiria binti yangu mwanasheria, sikuwahi kumfikiria akisema neno hata moja. Sikumfikiria akisoma, wala akishinda kesi, wala akishindwa. Nilimfikiria akiwa amesimama amevaa nilichomshonea. Nilichokitaka kilikuwa ni joho. Niliuza mashine nzima kwa ajili ya nguo, na kumbe mtoto alitakiwa aijaze nguo hiyo maisha yake yote. Nimeona aibu barabarani peke yangu.

Ijumaa, Mei 9

Mvua imepungua. Majoho ya diploma yamekamilika. Kofia bado.

Jumapili, Mei 11

Nilikuwa dukani peke yangu nikiziba tundu la bati kwa lami. Wakili akaja kunishikia ngazi bila kuulizwa. Nilimaliza, nikashuka, tukakaa juu ya majora. Mimi ndiye niliyeanza.

"Niambie kitu kimoja. Uliacha kwa sababu niliuza mashine? Ulinionea huruma?"

Kusema kweli nilikuwa nimeshajiandaa kusamehe. Angesema ndiyo, ningemkumbatia pale pale, tukalia, yakaisha. Binti ameacha sheria kwa ajili ya baba yake, hata jirani wa mkabala angelikubali hilo.

"Hapana, Baba," akasema. "Mashine iliniuma sana, lakini si kwa hiyo. Sikuipenda sheria. Nilikuwa nafaulu na sikuipenda. Nilikuwa nasoma ukurasa nikifika chini sikumbuki juu. Siku moja nilimsindikiza mwenzangu hospitali, nikaona fundi amefungua mashine kitandani kwa mgonjwa, anaitengeneza huku mgonjwa anamwangalia. Nikasahau kwamba nilikuwa nimesindikiza mtu."

"Kwa hiyo ni kupenda tu."

"Ni kupenda tu."

"Na kazi? Hospitali watakuchukua?"

"Wamesema niandike barua ya maombi. Wametuambia wote tuliokuwa pale tuandike."

"Kwa hiyo sheria huna, na kazi huna."

"Kazi ninayo, Baba, naijua. Ambacho sina ni mwajiri."

Mimi nina jibu la kila kitu, muulize mama yake. Leo nikachagua swali. Nikamuuliza mashine za watoto njiti huharibikaje. Akanieleza kwa muda mrefu, mikono ikienda huku na huku, habari za joto linalopanda na kushuka, na kitu kidogo kinachopima joto hilo, ukubwa wa kichwa cha pini. Sikuelewa nusu yake. Ila sijawahi kumsikia akiongea vile, hata siku ya sufuria.

Nikamuuliza pia kwa nini alininyima ukweli miaka mitatu. Akainamisha kichwa. Akasema aliogopa kuniona uso. Nikamwambia kunidanganya lilikuwa kosa na bado ni kosa, hilo halifutiki kwa kunishikia ngazi. Akasema anajua. Akaniomba radhi, nami nikaipokea.

Jumatatu, Mei 12

Nimemwongeza Profesa mshahara na nimemwambia sababu: ile zabuni. Akashangaa, akasema, "Mzee, mvua imekupiga kichwani?" Nikamwambia arudi kwenye pasi.

Alhamisi, Mei 15

Sasa joho. Linaning'inia pale kwenye msumari wake na mikono yake mipana. Mtu wa diploma hawezi kulivaa, wasimamizi watamtoa kwenye mstari. Dawa ni mkasi tu, unapunguza mikono, unashona upya, unamaliza. Lakini kitambaa hiki kikishakatwa kimekatwa. Mkono mpana unaweza kuwa mwembamba, mwembamba hauwi tena mpana.

Mke wangu ndiye aliyetoa shauri. "Usikate. Kunja ndani, ushonee. Siku akirudi kusoma digrii unafumua tu."

Sikumbuki nimemsifu vile lini. Nilikunja kitambaa chote cha ziada ndani ya mkono, nikakishonea kwa nyuzi fupi zisizoonekana. Kwa nje ni joho la diploma safi kabisa. Digrii imelala ndani. Nimefurahi na ujanja wangu mpaka nimepiga mluzi.

Jumatatu, Mei 19

Amelijaribu leo. Akaingiza mikono, akaishusha, akaiinua. Niliona mabega yake yanavyovutwa chini.

"Mbona mizito?"

"Nimekunja ndani. Sikukata. Huwezi kujua, mbele ya safari."

Akapitisha vidole juu ya mkono wa kulia mpaka akakuta ule uvimbe wa kitambaa. Akasimamisha vidole hapo.

"Sawa, Baba," akasema. "Asante. Ni zuri sana."

Akalivua, akanirudishia, akaenda kumsaidia Profesa kuhesabu vishada vya kofia. Ile "sawa" yake naisikia masikioni tangu mchana. Niliitegemea furaha nikapewa adabu.

Jumatano, Mei 21

Jua! Tumeanika majoho yote nje, harufu ya unyevu inatoka. Jirani wa mkabala amekuja kushangaa wingi wake. Akauliza, "Na la Wakili ni lipi?" Nikamwonyesha. Akalitazama kwa jicho la fundi, akaona mikono. Akasema tu kitambaa ni kizuri. Huenda si mtu mbaya kama nilivyofikiri.

Alhamisi, Mei 22

Tulikuwa tunapakia majoho kwenye maboksi ya kupeleka chuoni. Nikamuuliza Profesa, mahafali yake yeye yalikuwaje.

"Ilikuwa siku nzuri," akasema. "Mama alivaa viatu vipya vikamuumiza, akavivua, akapiga picha peku. Wajomba walinibeba juu juu."

"Na mikono mipana."

"Na mikono mipana." Akafunga boksi, akaikandamiza gundi kwa kiganja. "Ile ndiyo ilikuwa siku ya mwisho watu wangu kunifurahia nilivyo, Mzee. Kesho yake waliamka na swali moja la kazi. Bado tu? Mpaka leo nikienda nyumbani, kabla sijaketi, bado tu? Hawana ubaya. Wananipenda. Lakini siku ile hakuna aliyeuliza."

Akabeba boksi akatoka nalo. Nami nikalishusha joho la binti yangu kwenye msumari.

Nililishika kwa mikono yote miwili nikalipima. Lilikuwa zito kweli. Hiyo ndiyo "bado tu" yangu, nimeishona mwenyewe kwa nyuzi zisizoonekana, nikataka mtoto aibebe kwenye jua kutwa nzima, huku anapigiwa makofi. Alikuwa ameigusa kwa vidole na akaniambia asante.

Nikafumua. Nikatandaza mikono juu ya meza, nikachora kwa chaki. Nakiri kwamba nilisita. Kitambaa hiki hakipatikani tena, na mkono wangu unajua tofauti ya kukata na kuharibu, ila safari hii haukujua. Nikakata wa kulia. Wa kushoto ulikuwa rahisi zaidi.

Vipande vimeanguka chini, vikubwa, vinatosha mfuko wa mtu. Nimevifagia pamoja na vingine.

Jumamosi, Mei 24

Naandika haya jioni, viatu nimevua.

Asubuhi Wakili alikuja dukani kuvaa. Akaingiza mkono wa kulia, akatulia. Akaingiza wa kushoto. Akainua yote miwili juu kwa pamoja, upesi, kama mtu aliyejiandaa kunyanyua ndoo iliyojaa akakuta ni tupu. Akageuza ndani nje ya mkono akatafuta. Hakukuta kitu, mshono tu.

"Baba, umekata."

"Nimekata."

"Na nikija kutaka kurudi kusoma?"

"Maduka ya vitambaa hayajafungwa. Nitashona jingine."

Alinikumbatia mpaka futi yangu ya shingoni ikaanguka. Mama yake akatuambia tuache, tunakunja joho. Nilikubali kukunjwa kwa joho kwa mara ya kwanza maishani.

Profesa alikwenda nyuma ya jukwaa na sindano zangu. Mimi na mke wangu tulikaa kwenye viti vya wazazi, jua likituwakia, na jamani, ni mbali kule. Kutoka pale majoho yote ni sawa. Huoni pindo, huoni kola, kazi yangu yote ya msimu ni weusi mmoja mrefu. Walianza na watu wa digrii. Kisha wakaitwa wa diploma, mstari ukainuka, mikono myembamba mingi, na mimi sikuweza kumtambua aliye wangu mpaka alipofika kwenye ngazi.

Mama mmoja aliyekaa kushoto kwangu, mnene, mchangamfu, mwenye feni ya karatasi, akanigusa bega.

"Wako yupi, kaka?"

"Yule anayepanda sasa."

"Hongera! Amesomea nini?"

Zamani neno lingetoka lenyewe, nimelisema miaka minne bila kupumzika. "Vifaa tiba," nikamwambia. "Anatengeneza mashine za hospitali."

"Wacha we! Ameshapata kazi?"

Jina lake likaitwa, jina lake kamili, lile la kwenye cheti cha kuzaliwa.

"Hilo uniulize kesho, dada," nikamwambia. "Leo nisaidie kupiga makofi."

Akainuka mara moja, akaitupa feni kitini, akapiga makofi na vigelegele kama aliyemzaa yeye. Heri aliinuka, maana mimi sikuweza kupiga, mikono yangu ilikuwa machoni.